Nyimbo Zisizo na Kwaheri

Jumatatu Kozue alikuwa na nyimbo ishirini na nane kwenye daftari lake. Ilipofika Jumamosi asubuhi zilikuwa zimebaki tisa, na kalamu bado ilikuwa mkononi.

Yeyote aliyewahi kuingia chumba cha karaoke na watu asiowazoea anaujua mtihani wenyewe. Wimbo uwe unajulikana na mzee wa miaka sitini na saba na kijana wa thelathini. Muziki wa mwanzo usirefuke, watu wakaanza kuchungulia vikombe vyao. Kiitikio kiwe cha kuingia bila kualikwa. Na usipande juu mpaka sauti ikakuumbua mbele za watu. Haya yote Kozue aliyajua kama anavyojua jina lake. Katika kliniki ya meno alikofanya kazi, kila sherehe ya kufunga mwaka yeye ndiye aliyepewa kishikwambi cha kuchagulia nyimbo kabla ya daktari mwenyewe.

Lakini safari hii alijiongezea sharti moja ambalo hakuambiwa na mtu. Wimbo usiwe na kuachana ndani yake. Usiwe na kukata, wala kurudi, wala kwisha. Alijichunga kama mtu aliyepewa nafasi ya kusema harusini, anayeuma ulimi asije akatamka neno la nuksi mbele ya maharusi.

Hapo ndipo penye kazi. Nyimbo tunazozipenda sote, zile zinazoinua chumba kizima, karibu zote kuna mtu anaondoka. Anaondoka kwa treni, anaondoka maua ya sakura yakipukutika, anaondoka bila hata kusema sababu. Ukizitoa hizo unabaki na baiskeli, bahari na ndimu.

Kozue alikuwa na sababu yake. Miaka minne nyuma aliolewa Nagoya, katika nyumba ambayo mama mkwe hakumtaka tangu siku ya kwanza. Alikaa miezi kumi na minne bila kuitwa jina lake na mtu yeyote isipokuwa mumewe, na mwishoni hata mumewe akaacha kuliita. Akarudi kwa mama yake Takaoka na masanduku mawili na jungu la umeme la kupikia wali. Kisha akampata Shingo, mwalimu wa mazoezi wa shule ya msingi, mtu anayecheka kwa mabega, na moyo ukafufuka.

Vuli iliyopita Shingo alimwambia baba yake. Mzee Iwao alikuwa anashona mkeka wa tatami na hakuinua kichwa. Akasema maneno mawili tu.

"Aliyetoka akarudi."

Kisha akavuta uzi. Shingo, mkweli hadi kero, alipoulizwa na Kozue, "Alisemaje? Usinifiche," alimwambia kama yalivyo. Miezi minane ikapita bila neno jingine, mpaka wiki ile mzee alipotamka ghafla mezani: Jumamosi, saa saba mchana, karaoke ya karibu na stesheni, umlete.

*

Mvua ya Juni ilikuwa inanyesha ile ya kujivuta. Shingo alimngoja chini ya paa la stesheni na mwavuli mmoja mkubwa.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Tisa."

"Jana usiku zilikuwa kumi!"

"Ile ya daraja nimeifuta. Ubeti wa pili anamwachia mkono."

"Kozue, jamani. Anamwachia mkono ili afunge kamba ya kiatu!"

"Mkono ni mkono."

Shingo alicheka, mabega yakapanda na kushuka, kisha akaona macho ya mpenzi wake na kicheko kikakatika. Akamvuta karibu chini ya mwavuli.

"Nikwambie kitu. Baba akipenda jambo hasemi, lazima umtazame. Chumba tumechukua kwa saa mbili. Zikibaki dakika kumi mapokezi watapiga ile simu ya ukutani. Baba akiinyanyua mwenyewe akaongeza muda, ujue tumepita. Akinyanyua koti lake, basi."

"Basi nini?"

"Basi nitakuoa hivyo hivyo."

"Sitaki hivyo hivyo," Kozue alisema taratibu. "Nilishaolewa hivyo hivyo mara moja, Shingo. Siingii tena nyumba isiyonitaka. Nakupenda mpaka naumwa, lakini siingii."

"Kwa hiyo akinyanyua koti..."

"Nitapanda treni yangu. Na wewe usinifuate."

Shingo alimshika mkono, akaukaza, na wakatembea hivyo mpaka mlangoni.

Mzee Iwao alikuwa ameshafika kwa gari pamoja na Yasue, dada mkubwa wa Shingo, ambaye Kozue alimjua kwa picha tu: mwanamke mrefu, hereni kubwa, midomo isiyojua kunyamaza. Alijua pia kwamba ameolewa Kyoto, na akadhani amekuja kutembea. Mzee alikuwa mfupi kuliko alivyomwazia. Vidole vyake vilikuwa vizito kwa miaka arobaini ya sindano, na shati lake lilinukia majani makavu ya mkeka. Waliinamiana. Hakutabasamu. Kozue, aliyetazama meno ya watu kwa miaka sita, hakufanikiwa kuona hata jino moja.

"Chumba namba kumi na mbili, kama kipo," mzee alimwambia msichana wa mapokezi.

Msichana akatabasamu kama anayemfahamu. "Kipo, babu. Nyote ni familia? Jumamosi kuna bei ya familia."

Mzee Iwao alifikiri. Alikuwa mtu wa vipimo, asiyedanganya hata nusu ya kidole.

"Watatu ni familia," alisema. "Mmoja ni mgeni."

Kozue aliinamisha kichwa akajifanya anatikisa maji ya mvua kwenye mkoba. Mgeni mmoja. Alihisi lile neno likishuka kifuani na kukaa.

*

Alianza na wimbo wa baiskeli. Ulikuwa chaguo la busara: mwepesi, unajulikana, kiitikio cha makofi. Aliuimba vizuri, mashine ikampa alama tisini na moja. Shingo alitikisa tari kwa nguvu za mwalimu wa mazoezi. Yasue alipiga makofi matatu, akachukua kitumbua cha pweza na kukitumbulia macho badala ya kukila.

Shingo akaimba wimbo wa katuni ya watoto. Yasue akaimba wimbo wa tangazo la mchuzi wa bizari, tena kwa sura ya mtu aliyeadhibiwa. Kozue akarudi na ule wa bahari, halafu ule wa ndimu. Kila zamu ilipomfikia mzee, alisukuma kishikwambi kwa kidole kimoja.

"Endeleeni."

Saa moja na nusu ikaenda hivyo. Chai ya baridi ikaisha, wakaagiza nyingine. Viazi vya kukaanga vikapoa. Kozue alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yakauma. Hakuelewa. Nyimbo zilikuwa sahihi. Hakuna aliyechukia. Lakini hakuna aliyeingia kwenye kiitikio, hata mmoja.

"Mwanangu ee," Yasue alilipuka, "tumeimba nyimbo kumi na moja na najiona niko dukani nachagua sabuni!"

"Yasue," alisema mzee.

"Baba, nasema ukweli! Au husikii?"

Kozue alikivuta kishikwambi ili apate pa kuficha uso. Vidole viliteleza, vikagusa mahali pasipo pake: pale penye kumbukumbu za nyimbo zilizoimbwa chumbani humo siku hiyo. Chini ya nyimbo zao kumi na moja kulikuwa na orodha nyingine. Wimbo mmoja tu. Saa tano na dakika kumi, *Moyo Wangu Unakimbia*, alama arobaini na tisa. Saa tano na robo, *Moyo Wangu Unakimbia*, alama hamsini na mbili. Tena. Tena. Mara tisa mfululizo, na mara ya mwisho alama hamsini na nane.

Aliujua wimbo huo kuliko wote duniani. Ulikuwa wa kundi la wasichana wa enzi zake za sekondari, maneno yanakwenda mbio, na una michezo yake ya mikono: ngumi mbili kifuani, kidole angani, zungusha. Ndio uliokuwa wimbo wake. Alikuwa ameufuta Jumatatu ile ile, maana mwanamke anayetaka kukubaliwa harushi ngumi mbele ya mkwe. Maskini, aliwaza, kuna binti alikuwa hapa asubuhi anajifunza peke yake.

"Lete hapa." Yasue alimpokonya kishikwambi. "Naimba wangu. Nimevumilia vya kutosha."

"Nilikuambia nini kwenye gari?" Sauti ya mzee haikupanda, lakini Yasue alisimama kidole hewani.

Kwenye skrini tangazo la bia lilikuwa linacheza bila kutazamwa na mtu.

"Samahani, mzee," Kozue alisema. Hakuwa na haki ya kumwita Baba, na kila alipomwita mzee alisikia umbali wenyewe. "Aliambiwa nini? Kama ni kuhusu mimi, afadhali nisikie."

Mzee Iwao aliangalia magoti yake. Aliyejibu ni Shingo, masikio yamemwiva.

"Alitukataza nyimbo za kuachana. Mimi na dada. Alisema atakayeimba wimbo wa kuachana mbele yako atarudi kwa miguu kwenye mvua. Alisema... alisema ulishaumia vya kutosha, tusikukumbushe, wala nisikuambie."

Kozue aliwatazama mmoja mmoja. Kisha alitoa daftari mkobani akalifungua mezani kati ya vitumbua na viazi. Mistari kumi na tisa ya wino, nyimbo kumi na tisa zilizofutwa, na pembeni ya kila moja sababu: *anaondoka*, *anarudi kwao*, *treni*, *treni*, *anamwachia mkono*.

Yasue alisoma. Bega likaanza kumcheza.

"Treni," alisema. "Treni! Huyu naye kafuta za treni zote!" Akaangua kicheko cha kujishika mbavu. "Baba! Tumekaa saa moja na nusu tunaimba mchuzi wa bizari, sisi tunamchunga yeye, yeye anatuchunga sisi!"

Shingo alicheka pia, na Kozue akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Yasue alipopata pumzi alijifuta macho kwa kiganja, na sura yake ilikuwa nyingine.

"Bibie, nikwambie. Na mimi nimerudi. Tangu Machi. Masanduku matatu, wewe ulikuja na mangapi?"

Kozue alimgeukia Shingo.

"Alinikataza kusema," Shingo alinong'ona.

"Mawili," Kozue alimjibu Yasue. "Na jungu la wali."

"Jungu! Mimi nililiacha. Najuta mpaka leo." Yasue alimsukumia kipaza sauti cha pili. "Basi inuka. Wawili tuliorudi hatuwezi kukosa wimbo."

Walichagua *Treni ya Saa Kumi na Moja*, wa kwanza kabisa kufutwa kwenye lile daftari. Muziki wa mwanzo tu ulipoingia, chumba kikabadilika. Yasue alikuwa na sauti nene iliyopasuka pembeni, Kozue nyembamba, na zilipokutana kwenye kiitikio hakuna aliyeangalia skrini. *Usinipungie mkono, dirisha litaniumiza.* Shingo aliingia. Na kutoka kona ya kiti, chini kabisa, ikasikika sauti ya nne, kavu, iliyokawia nusu pigo nyuma ya wote. Kozue hakuthubutu kugeuka asije akaikatiza. Aliimba huku analia, na kwa mara ya kwanza tangu Nagoya kulia hakukumtia haya.

Mashine iliwapa themanini na tatu. Hakuna aliyejali.

*

Muziki ulipokwisha, mzee Iwao aliweka mikono miwili magotini. Shingo akapunguza sauti ya skrini.

"Bi Kozue."

"Ndiyo, mzee."

"Vuli nilisema neno juu yako. Huyu amekuambia, najua, hana siri huyu. Machi, Yasue anaingia na masanduku yake, mimi nimekaa pale pale, sindano ile ile. Lile neno likanijia tena mdomoni. Likakwama. Nilikuwa nimemsemea mtoto wa watu, na wangu nilishindwa kumsemea. Usiku kucha nikawa nawaza, kama mwanangu Yasue angesikia neno hilo kwa baba wa mtu mwingine, mimi ningemfanya nini mtu huyo."

"Mzee, yameshapita..."

"Hayajapita. Sikuwa nimeomba radhi, yatapitaje?" Akainama, kichwa kikashuka mpaka paji la uso likakaribia sahani ya vitumbua. "Niwie radhi, binti yangu."

Kozue aliinama haraka zaidi, chini zaidi, akagonga tari kwa paji la uso, tari ikalia chumba kizima. Yasue aligeukia ukutani mabega yanamtetemeka.

Mzee alijinyoosha, akavua miwani, akaikunja na kuiweka mfukoni. Akakivuta kishikwambi. Alibonyeza polepole, kidole kimoja, lakini bila kutafuta, kama mtu ambaye ameshaipita njia hiyo mara nyingi.

"Nina wimbo," alisema, akasimama.

Ngoma zilipiga. Kwenye skrini yakatokea maneno *Moyo Wangu Unakimbia*.

Kozue aliweka mkono mdomoni. Saa tano na dakika kumi. Saa tano na robo. Mara tisa.

"Subiri kwanza," Yasue alisema. "Baba, asubuhi si ulisema unakwenda kumpimia mteja chumba?"

"Nyamaza, naanza," alisema mzee Iwao, na akarusha ngumi mbili kifuani.

Hakuna mtu aliyewahi kuuimba wimbo ule vibaya vile. Maneno yalimkimbia naye akayakimbilia, akaruka mstari mzima, akadakia neno la mwisho kwa furaha kama aliyewahi basi. Lakini ile mikono! Kidole angani, zungusha, ngumi, zungusha, kila kimoja mahali pake, kwa uangalifu ule ule anaopimia pembe za mkeka. Shati lilimtoka kiunoni. Na alipofika kwenye kiitikio akafungua mdomo wote, na Kozue akayaona meno ya mzee Iwao, pamoja na moja la dhahabu upande wa kushoto, na akayapenda yote.

"Ulimwambia wewe?" alimuuliza Shingo katikati ya kelele.

"Aliniuliza mwezi uliopita. 'Yule binti anapenda kuimba nini?' Nikajibu. Hakusema kitu. Nilidhani amesahau!"

Ubeti wa pili ulimshinda kabisa. Alisimama katikati ya chumba, kipaza sauti mkononi, anahema, anamtazama Kozue kwa macho ya mtu anayeomba kuvushwa barabara. Kozue hakufikiri tena juu ya mkwe wala heshima. Aliinuka, akarusha ngumi mbili kifuani, na wakaumaliza pamoja, yeye maneno, mzee mikono.

Sitini na moja.

"Asubuhi sikuvuka hamsini na nane," mzee alisema, na akakaa chini na ushindi wake.

Hapo simu ya ukutani ikalia.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Kicheko kilikufa. Kozue alitazama koti la mzee, lilikuwa limekunjwa vizuri kitini, mkono wake wa kulia umelilalia. Simu ikalia mara ya pili. Mzee akalishika koti, na Kozue akaupapasa mkoba wake, kisha akaona kwamba analisogeza tu ili apate njia ya kupita. Akanyanyua simu.

"Ndiyo. Kumi na mbili. Ndiyo... tuongezee saa moja." Akamtupia jicho Yasue, aliyekuwa anaonyesha vidole viwili. "Saa mbili. Halafu, binti, pale mapokezi nilikuambia familia watatu na mgeni mmoja." Akageuza uso ukutani kama wafanyavyo wanaume wa aina yake likiwafika jambo. "Mtu humwiti wa nyumbani kabla hujamwomba radhi. Sasa nimeshaomba. Futa pale. Andika familia wanne."

Msichana alisema kitu.

"Bei si kitu. Andika tu."

Alirudi akaketi, akavaa miwani, akalivuta lile daftari karibu na kulisoma mstari kwa mstari kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Shingo alikuwa ameushika mkono wa Kozue chini ya meza. Yasue alikuwa anajipulizia uso kwa orodha ya vinywaji.

"Hii ya daraja," mzee alisema, kidole kimetua kwenye wino. "Umeifuta kwa nini?"

"Anamwachia mkono," Kozue alijibu kwa sauti ndogo. "Ubeti wa pili."

"Ili afunge kamba ya kiatu." Mzee Iwao alimsukumia kipaza sauti. "Halafu anaushika tena. Hukufika ubeti wa tatu? Iimbe."

"Sawa, Baba," alisema Kozue. Neno lilimtoka kabla hajalipima, na mzee alikuwa ameshachukua tari.